Nilifika Uhuru, je, mita 1,904 za Togakushi zitanishinda?

*Swali: Ninasoma Japani, mkoa wa Nagano, mwaka wa pili sasa. Mwenzangu wa maabara amenialika tupande mlima Togakushi katikati ya Oktoba, majani yakigeuka rangi. Anasema kuna mahali mgongo wa mlima unakuwa mwembamba kama ukuta, wanapaita Kivuko cha Sisimizi. Mimi nilishapanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu hadi Uhuru, na huu una mita 1,904 tu, kwa hiyo nilikubali bila kufikiri. Lakini bibi yake alipotutembelea alisema mlima ule una zimwi la kike, na kwamba mwanamke aliyewahi kuupanda zamani aligeuka jiwe. Yeye mwenyewe hali peasi kwa sababu ya joka la huko! Sasa nina wasiwasi, na sijui ni wa mlima au wa hadithi. Hatari ipo kweli? Tukibeba kamba itatosha? Na njia inapita hekaluni: mimi ni Mwislamu, nitalazimika kusali pale?*

Dada yangu, nauelewa wasiwasi wako hivi: miguu inakwambia umeshapanda mlima mrefu kuliko huu mara tatu, bibi anakwambia angalia, na hujui umsikilize nani. Msikilize bibi, ingawa si kwa sababu alizozitaja.

Tuanze na urefu, maana ndiko kosa lilipo. Kilele cha Togakushi kinakaribiana kwa kimo na lango la Marangu, pale ulipoandikisha jina kabla ya kupiga hatua ya kwanza. Hewa ni tele, kichwa hakitakuuma. Kilimanjaro huua kwa hewa nyembamba na baridi, na mara nyingi hutanguliza dalili, kiongozi akaziona, ukateremshwa. Togakushi huua kwa kuteleza. Hakuna dalili, hakuna lango la kukuzuia, na hakuna sheria inayokutaka uwe na kiongozi. Watu wameanguka na kufa pale, wakiwemo waliokuwa na uzoefu wa miaka mingi. Ng'ambo ya bonde kuna mlima Iizuna, mita 1,917, yaani unauzidi Togakushi kwa mita 13, na wazazi huupanda na watoto wao siku za mapumziko. Kwa hiyo weka kando namba ya kimo, tutazame mwamba.

Mwamba wa Togakushi ulizaliwa chini ya bahari. Volkano zililipuka ndani ya maji mamilioni ya miaka iliyopita, majivu na vipande vya mawe vikashindiliana, halafu ardhi ikainuliwa, kisha mvua na barafu zikaichonga hadi ikabaki kama ukuta wenye meno. Umekula kashata ya njugu: njugu zimeshikwa na sukari, lakini ukiidokoa moja kwa kucha inatoka nzima. Mwamba huu ndivyo ulivyo. Jiwe linalotokeza vizuri, la kujaa kiganja, ndilo linalokushawishi ulivute, na ndilo linaloweza kukutoka mkononi. Kwa hiyo kila jiwe hugongwa kwanza kwa kifundo cha kidole na kusikilizwa. Likitoa sauti ya kitu chenye uwazi ndani, liache. Likinyamaza, lisukume kuelekea chini na ndani. Usilivute kuelekea kwako. Ukishalijua hili umeshawapita wengi wanaofika pale na misuli peke yake.

Sasa njia yenyewe. Mnaanza kwenye kituo cha basi cha Okusha-iriguchi, karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Kilomita mbili za kwanza ni barabara ya hekalu, nyoofu. Katikati yake kuna lango la zamani la paa la nyasi, Zuishinmon, na kuanzia hapo mnapita kati ya mierezi ya Kijapani iliyopandwa yapata miaka 400 iliyopita. Ni kama dakika arobaini hadi Okusha, hekalu la ndani kabisa kati ya matano ya Togakushi.

Hapo ndipo hadithi ya kwanza inapokaa. Amaterasu, mungu wa kike wa jua katika masimulizi ya Kijapani, alimkasirikia mdogo wake wa kiume akajifungia pangoni, dunia ikawa giza. Miungu wengine wakafanya ngoma mbele ya pango, wakacheka kwa kelele, naye akachungulia kujua kuna nini. Mwenye nguvu kuliko wote, Ame-no-Tajikarao, akaushika mlango wa jiwe na kuurusha mbali usije ukafungwa tena. Wenyeji wanasema mlango huo ulianguka hapa na kuwa mlima. Jina lenyewe linabeba habari hiyo: "to" ni mlango, "kakushi" ni kuficha. Ukisimama Okusha ukainua macho utaona ni kwa nini walisema hivyo, kwa kuwa ukuta umesimama wima nyuma ya paa la hekalu kama ubao wa mlango ulioegemezwa.

Pembeni tu ya Okusha kuna hekalu dogo la joka la vichwa tisa, Kuzuryu. Mapokeo yanasema mwaka 849 mtawa mmoja aliyeitwa Gakumon alifika hapa, akakutana na joka hilo, akalifungia pangoni kwa sala. Baadaye likageuka mlinzi wa maji ya mvua na chemchemi, na pia tabibu wa meno. Mwenye jino bovu alijinyima peasi, tunda ambalo joka hulipenda, kwa miaka mitatu, akaliombea jino lake. Kwa hiyo bibi hana wazimu. Ameweka nadhiri.

Kuanzia Gakumon, kwa zaidi ya miaka elfu moja, Togakushi ulikuwa mlima wa watu wa mazoezi magumu ya dini, wale waitwao yamabushi, waliochanganya Ubudha na miungu ya Kijapani wakalala mapangoni. Mapango 33 yalihesabiwa. Utayapita baadhi yake ukitoka Okusha, baada ya saa moja hivi ya kupanda msituni mkali unaokufanya ushike mizizi: kwanza Gojikken Nagaya, kisha Hyakken Nagaya. Maana yake ni nyumba ndefu ya ken 50 na ya ken 100, na ken moja ni kama mita 1.8. Ni vibaraza virefu chini ya mwamba unaoning'inia, pakavu hata mvua ikinyesha. Pakavu huko ni mtego, nitakueleza punde.

Baada ya Hyakken Nagaya minyororo inaanza. Iko mingi, imefungwa kwenye mwamba, na wa mwisho unapanda jabali liitwalo Mune-tsuki, yaani la kugonga kifua, kwa jinsi lilivyosimama. Ukitoka juu yake umefika. Mbele yako kuna Kivuko cha Sisimizi, Ari no Towatari, na mwishoni mwake kipande chembamba zaidi kiitwacho Makali ya Upanga. Msomaji wa pwani atakumbuka aliyoyasikia madrasa juu ya Sirati, daraja jembamba la Akhera, na sitamlaumu. Upana kwa sehemu kubwa ni kama nusu mita, na kwenye Makali hupungua zaidi. Huku na huku ni poromoko la makumi ya mita, halina kichaka cha kukunasa. Juu ya mgongo wenyewe hakuna ukuta wala kamba ya kushikilia.

Kuna njia ya kando iliyofungwa minyororo, inashuka ubavuni na kukwepa sehemu kubwa ya Kivuko. Wengi hudhani inawavusha hadi ng'ambo. Haiwavushi. Inakurudisha juu kabla ya Makali ya Upanga, na Makali hayana mchepuko. Basi usipande ukijiambia kwamba ukiogopa utapita kando.

Na utaogopa, hata wewe uliyefika Uhuru. Inafaa kuelewa kwa nini, kwa kuwa ukielewa utaacha kujiona mwoga. Mwili uliosimama huyumba wakati wote, kidogo sana, na ubongo husahihisha kwa kutumia nyayo, sikio la ndani na macho. Macho hufanya kazi hiyo kwa kutazama vitu vya karibu: ukiyumba kidogo, mti ulio mita mbili mbele yako unaonekana kusogea, ubongo unarekebisha. Sasa ondoa mti. Kitu cha karibu kabisa kiko bondeni. Ukiyumba, picha haisogei, ubongo haupati habari, nao unaacha mwili uyumbe zaidi ndipo ushtuke. Kile unachokihisi tumboni ni mwili kukueleza kwamba umepoteza kipimo chake. Ujasiri hauna kazi hapo. Unachotakiwa ni kuurudishia kipimo. Macho yatazame mwamba mita moja au mbili mbele, kamwe si chini wala mwisho wa kivuko. Viganja viguse jiwe, maana hata mguso mwepesi wa vidole hupunguza kuyumba.

Ndiyo maana namna salama ya kuvuka ni ile inayochekesha kwenye picha: kukaa kama umepanda punda, mguu mmoja kila upande, viganja mbele, ukijivuta kidogo kidogo. Mahali palipo papana kidogo unaweza kutambaa kwa magoti. Wapo wanaovuka wima, mikono imetanuliwa, waache. Ukikaa, upepo hauna pa kukushika, na ukiteleza unateleza juu ya kiti chako. Avuke mmoja, mwingine asubiri akiwa ameketi. Begi liwe dogo, la lita 20 hadi 25, lililobana mgongoni, bila chupa wala kikombe kinachoning'inia, na fimbo za kutembelea zimeingizwa ndani kabisa. Begi refu ukiinama linakusukuma kisogo, na fimbo inayochomoza hunasa kwenye mwamba pale usipotaka.

Kwa kuwa umesema ni Mwislamu, niongeze jambo ambalo vitabu vya milima haviandiki. Ushungi wa michezo unaobana unakaa vizuri chini ya helmeti. Mtandio wa kuning'inia hunasa kwenye mnyororo, na pini za kichwani huchoma helmeti ikikazwa. Vazi refu lipandishwe na kufungwa kiasi cha kuziona nyayo zako muda wote, na ndani yake uvae suruali.

Minyororo nayo ina adabu yake. Iite mkono wa tatu, usiifanye lifti. Uzito ubaki miguuni, nyayo zikandamize mwamba, mkono mmoja ushike mnyororo na wa pili utafute jiwe. Anayening'inia kwa mikono yote miwili, miguu huteleza kwanza, mwili unageuka, bega linagonga ukuta. Kabla ya kuutegemea, uvute mara mbili na utazame ulipofungwa. Kila kipande kati ya msumari na msumari kiwe na mtu mmoja tu. Hili watu hulipuuza, na madhara yake yako wazi: mnyororo uliolala mshazari, mtu wa chini akiuvuta unanyooka ghafla, nao unampiga au kumng'oa mtu wa juu. Glavu za pamba za dukani zikilowa huteleza kama sabuni. Tumia za ngozi nyembamba au mikono mitupu.

Kuhusu kamba, nikujibu waziwazi: hapana, haitatosha, na mikononi mwa wasiojua itaongeza maiti. Kamba haizuii mtu kuanguka. Kinachozuia ni mahali ilipofungwa. Wawili wasiojua kufunga nanga wakiunganishwa kwa kamba juu ya Kivuko, mmoja akianguka anamchukua mwenzake. Wengine huvaa mkanda wa kupandia na kujinasa kwenye mnyororo kwa kipande cha utepe na karabina, yaani pete ya kunasia inayofunguka. Kwenye mnyororo uliolala hilo linasaidia kidogo. Kwenye uliosimama wima, ukianguka utateremka nao hadi msumari wa chini, kisha utepe usiovutika utakukamata kwa mshtuko mmoja unaoweza kukuvunja mgongo au kukata utepe wenyewe. Kamba ni kifaa cha mtu aliyefundishwa. Mkitaka kuvuka na kamba, kodini kiongozi mwenye cheti, naye aje na ya kwake.

Sasa kwenye pakavu panapodanganya. Vibaraza vya mapango ni vikavu daima, kwa hiyo mtu hufika pale asubuhi baada ya mvua ya usiku akasema mlima umekauka. Juu yake, nyufa zilizojaa moss (mimea midogo ya kijani inayoota kama zulia) na udongo hushika maji siku nzima. Katikati ya Oktoba kuna majani yaliyoanguka juu ya mizizi, na kuelekea mwisho wa mwezi barafu nyembamba ya alfajiri. Kanuni ninayoisimamia ni kali: mvua ikinyesha ndani ya saa 24 zilizopita, au ikitabiriwa kabla ya alasiri, hampandi. Upepo unaokufanya ushike kofia pale Okusha utakuwa mkali zaidi juu ya mgongo. Geukeni.

Hapa ndipo nilipotaka kukufikisha. Siku ya Togakushi huamuliwa kabla ya Kivuko, na kila kituo kina swali lake. Okusha: hali ya hewa na muda vikoje? Hyakken Nagaya: miguu inatetemeka tayari, mwenzako amenyamaza kuliko kawaida? Chini ya Mune-tsuki: je, mnyororo huu naweza kuushuka? Hilo la mwisho ndilo watu hawajiulizi. Kupanda mnyororo unaona kila jiwe mbele ya macho. Kushuka unatafuta kwa ncha ya kiatu, uso ukiwa umeelekea ukutani. Mtu akipanda Mune-tsuki, akakiona Kivuko, akakataa, itabidi ashuke Mune-tsuki akiwa na hofu. Asiyeweza kushuka asipande. Na aliyefika juu kisha akageuka hajashindwa. Wapo wengi wanaogeukia hapo hapo.

Mkivuka, mtatokea Happo-nirami, mita 1,900, jina lenye maana ya kukodolea macho pande nane. Kilele cha Togakushi kiko kama dakika kumi na tano mbele, na hapo mtapiga picha na kudhani kazi imekwisha. Haijafika nusu. Mnafuata ukingo wa ukuta ule ule kupitia Kuzuryu-yama, mita 1,883, mwendo wa yapata saa mbili, mianzi mifupi ya milimani ikiwa imefunika ukingo upande wa bonde. Unakanyaga majani ukidhani ni ardhi. Jioneeni huruma, tembeeni upande wa ndani wa njia.

Kisha Ichifudo, kibanda cha dharura kisicho na mhudumu. Jina lake ni "Moja, Fudo". Ukipandia kushoto kutoka hapo kuelekea mlima Takatsuma, wenye mita 2,353, vituo vinahesabiwa mbili Shaka, tatu Monju, nne Fugen, hadi kumi Amida, kila kimoja na jina la mmoja wa watakatifu wa Kibudha. Ninyi hamwendi huko. Mnateremka bondeni, mkipita chemchemi ndogo iitwayo Ippai Shimizu, maji ya kwanza tangu asubuhi. Chini yake kuna Obi-iwa, mwamba wa kuvuka kwa ubavu, na Namedaki, maporomoko yanayoshukwa kwa mnyororo juu ya jiwe lililolowa mwaka mzima. Magoti yamechoka, akili iko kwenye tambi za soba za jioni, na hapa panahitaji umakini ule ule wa kule juu. Baada ya hapo njia inavuka kijito mara kadhaa hadi kwenye shamba la mifugo.

Jumla ni saa saba hadi nane bila kupumzika. Katikati ya Oktoba jua huzama Nagano yapata saa kumi na moja na dakika kumi jioni, na bondeni giza huwahi. Kwa hiyo basi la asubuhi kutoka mjini, mwendo wa saa nzima, linawachelewesha. Laleni Togakushi usiku wa kuamkia siku hiyo. Kuna nyumba za wageni zilizotokana na familia za makuhani, ziitwazo shukubo. Anzeni saa kumi na mbili asubuhi. Ikifika saa tano hamjaanza kuvuka Kivuko, mrudi mlikotoka, hata kama jua linawaka na mwenzako ananung'unika. Adhuhuri kule huingia kabla ya saa sita mchana, na itakukuta karibu na Ichifudo, ambako pana tambarare ya kutosha.

Vifaa vingine nitavipitia haraka. Helmeti kila mmoja, kwa ajili ya mawe ya walio juu yenu. Maji lita mbili, tochi ya kichwani yenye betri mpya, koti la mvua, nguo ya joto. Kengele ya dubu, kwa kuwa dubu weusi wapo na Oktoba wanashiba mbegu za miti kabla ya usingizi wa baridi. Lakini kando ya kijito sauti ya maji huimeza kengele, pigeni makofi na kuongea. Buti zako za Kilimanjaro zichunguze sana. Kama zimekaa kabatini miaka minne au mitano, tabaka la povu kati ya ngozi na soli huoza kwa unyevu, na Japani ina unyevu wa kutosha. Soli hubanduka nzima bila onyo. Ikunje kwa nguvu na ubonyeze povu kwa kucha. Ukiona nyufa au unga, nunua nyingine.

Tangu 2016 mkoa wa Nagano unawataka wapandaji wa njia zilizotajwa rasmi, na Togakushi ni mojawapo, kuwasilisha mpango wa safari: majina, njia, saa, vifaa, simu ya mtu wa nyumbani. Unaweza kuutuma mtandaoni au kuutia sandukuni mwanzoni mwa njia. Usiuchukulie kama karatasi ya serikali tu, kwa kuwa ndio utakaowaambia waokoaji waanzie wapi. Namba ya polisi ni 110, ya zimamoto na gari la wagonjwa ni 119. Bima ya safari nyingi haigusi miamba ya minyororo; nunua ile ya milimani inayolipia utafutaji.

Nirudi kwa zimwi la kike. Anaitwa Momiji, jina la majani mekundu ya vuli. Simulizi inamweka zaidi ya miaka elfu iliyopita: mwanamke wa jumba la kifalme Kyoto aliyetuhumiwa uchawi, akahamishiwa milima hii, akawa kiongozi wa majambazi, na shujaa Taira no Koremochi akatumwa kumuua. Lakini pango linaloonyeshwa kuwa lake liko mlima Arakura, si kwenye mgongo mtakaopanda, kwa hiyo hilo lisikunyime usingizi. Na ukifika Kinasa, kijiji cha jirani, utasikia habari nyingine: alikuwa mwanamke msomi aliyewafundisha wanakijiji na kuwatibu wagonjwa. Kwa Kijapani "zimwi la kike" na "mwanamke wa heshima" yote hutamkwa kijo, yakitofautiana kwa maandishi tu. Jina Kinasa lenyewe huandikwa "kijiji kisicho na zimwi".

Mwanamke aliyegeuka jiwe ni habari ya aina nyingine, maana nyuma yake kulikuwa na sheria. Wanawake walipigwa marufuku kupita mpaka fulani, wakasali kutoka kibanda chao cha mbali, na jiwe la mtawa wa kike aliyekaidi bado linaonyeshwa kando ya njia ya zamani. Serikali ilifuta marufuku za namna hiyo mwaka 1872. Leo wanawake hupanda Togakushi kila siku ya jua, ingawa kilele cha Sanjogatake mkoani Nara bado kinawazuia kwa mapokeo. Ukialikwa huko, ulizia kwanza.

Hekaluni hutalazimika kusali, wala hakuna atakayekuuliza dini yako. Kuinama, kutupa sarafu, kupiga makofi mawili ni ibada ya wanaoabudu. Mgeni hutakiwa atembee kando ya njia badala ya katikati yake, asipige kelele, asipige picha ndani ya jengo. Njia ya mlimani huanzia karibu na Okusha, unapita tu. Ikiwa moyo wako una shaka juu ya hata kupita, hilo ni la shehe wako.

Je, uende? Kwa ulivyojieleza, una mapafu na miguu lakini hujataja hata siku moja ya mwamba. Ningekushauri Oktoba hii mpande Iizuna. Njia ya kusini ina sanamu 13 za mawe za Kibudha za kukuhesabia mwendo, na mwenyewe wa mlima ni Iizuna Saburo, tengu, jini mwenye mabawa anayepanda mbweha mweupe. Juu yake mtauona mgongo wote wa Togakushi, meno kwa meno. Kesho yake nendeni bwawa la Kagami-ike, ambalo siku tulivu huuonyesha ukuta ule juu chini kati ya majani mekundu, kisha mtembee hadi Okusha mkarudi. Mwakani, baada ya siku moja au mbili za minyororo mepesi na kiongozi, mrudi na kiongozi huyo huyo.

Kama huwa unapata kizunguzungu hata ukiwa chini, dunia ikizunguka unapogeuza kichwa, au umewahi kuzimia, au unatumia dawa za usingizi, kifafa au shinikizo la damu, muone daktari ana kwa ana kabla ya mlima wowote wa minyororo. Hofu ya kimo hutulia ukiketi na kutazama jiwe. Ugonjwa wa sikio la ndani hautulii. Na mmoja wenu akigonga kichwa njiani, hata akisema yuko salama, safari imeishia hapo. Akitapika, akisinzia au kurudia swali moja, pigeni 119.

Mwenzako mwambie mapema kwamba mmebadilisha mlima, asije akashangaa siku yenyewe. Bibi mpelekee soba kavu za Togakushi. Peasi mle huko huko, mbali naye, mpaka miaka yake mitatu iishe.